Waya mwembamba unaopima pamba

Mkulima wa Mwandoya, wilayani Meatu, anapofikisha furushi la pamba kwenye chama cha msingi, macho yake huganda kwenye mizani. Ana haki. Katika Jimbo la Ziwa la wakati wa ukoloni, wakulima walipunjwa kwenye mizani miaka nenda rudi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 walipoweka wapimaji wao wa kuwakagua wanunuzi. Kutokana na uchungu huo Paul Bomani aliunda chama cha wakulima mwaka 1952, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Mizani ya kidijitali haina jiwe la kusogezwa. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachobeba mzigo, na juu yake zimebandikwa streini geji (vihisi vya waya mwembamba), mara nyingi nne, kila moja ndogo kama ukucha. Furushi likipanda, chuma hujipinda kiasi ambacho jicho halioni. Waya wa geji nao huvutika, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Geji ya omu 350 ikivutwa sehemu moja kwa elfu ya urefu wake, huongezeka takriban omu 0.7 tu. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachogeuzwa kuwa kilo, na kilo kuwa fedha za mkulima.

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha tabia hiyo ya waya mwaka 1856. Ilipita miaka 80 hivi kabla Edward Simmons huko California na Arthur Ruge wa MIT, kila mmoja kivyake, hawajaubandika waya kwenye chuma kwa gundi. Ruge alifanya hivyo mwaka 1938, alipokuwa akichunguza jinsi tetemeko la ardhi linavyotikisa matangi ya maji.

Geji ibandikwe wapi? Siku hizi mhandisi hujibu kwenye kompyuta kabla chuma hakijakatwa, kwa mbinu ya kukigawa katika vipande vidogo sana, ambayo Ray Clough aliipa jina mwaka 1960. Geji yenyewe huchorwa kama utando mwembamba usioongeza ugumu wowote, ukiwa umeelekezwa upande ule ule wa waya. Kisha husomwa wastani wa kuvutika katika urefu wote wa geji. Anayesoma nukta moja hujidanganya, maana geji halisi haipimi nukta.

Hata hivyo gundi huchoka na vumbi la msimu huingia. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huihakiki mizani kila mwaka kwa mawe ya uzito unaojulikana, kompyuta iwe imesema nini.