Mandvi, mji uliohesabiwa wakati wa kaskazi

Nchi ya Kachi, pembe ya magharibi kabisa ya India, imekaa kama kisiwa. Kaskazini na mashariki imezungukwa na Rann, uwanda wa chumvi usio na mti, ambao mvua za Juni hadi Septemba huugeuza kuwa maji ya kina kifupi. Kusini kuna ghuba, magharibi Bahari ya Arabu. Mvua yenyewe ni haba, na kuna miaka ambayo hata uwele hukauka shambani. Jembe peke yake halikuweza kuwalisha watu wa huko, na kwa karne nyingi waliokosa riziki nchi kavu waliitafuta baharini. Lango lao kuu lilikuwa Mandvi.

Mji huu upo kwenye mdomo wa mto Rukmavati, kilomita 60 hivi kutoka Bhuj, uliokuwa mji mkuu wa watawala wa Kachi. Ulianzishwa katika nusu ya pili ya karne ya 16, enzi ya Rao Khengarji wa Kwanza, ukazungushiwa ukuta wenye malango na minara. Ndani yake waliishi Mabaniani wa jamii za Bhatia na Lohana, Wajaini, Mabohora, Makhoja na Wakharva, watu wa ubaharia. Mto wenyewe huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji ya bahari huuingia yanapojaa. Ndiyo maana mafundi huunda majahazi pale pale mchangani. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao na kukalafati, kisha hungoja bamvua.

Msimu wa mvua ukiisha na kaskazi ikianza kuvuma, majahazi yaliondoka. Yalipakia nguo za pamba, zikiwamo kaniki zilizotiwa nili ambazo bibi zetu wa pwani walizivaa, yakashuka hadi Zanzibar na miji mingine ya Afrika Mashariki. Kusi iliyarudisha na pembe za ndovu na karafuu. Walipakiwa binadamu pia, na jambo hilo halifai kufichwa katika historia ya bandari hii: miongoni mwa Masidi wa Kachi wa leo wamo wazao wa Waafrika waliouzwa.

Wengine hawakurudi na kusi. Nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kachi, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa masultani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ikikusanya ushuru na kukopesha wenye misafara ya bara. Wakala wake mashuhuri, Ladha Damji, alijulikana na kila mgeni aliyetafuta mkopo au bidhaa kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo. Watu kama hawa walikaa miaka mingi ng'ambo, lakini nyumba na ukoo wao vilibaki Kachi.

Sasa tuitazame sensa. Ile ya 1901 iliikuta Mandvi ina watu 24,683. Kachi nzima ilikuwa na watu 488,022, pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko miaka kumi nyuma. Sababu zinajulikana: ukame na njaa kuu ya 1899 na 1900, na kabla ya hapo tauni, iliyoipiga Mandvi vibaya mwaka 1897. Hata hivyo tarehe ya kuhesabu nayo inafaa kuangaliwa. Watu walihesabiwa 1 Machi. Sensa ya 1891 ilifanyika 26 Februari, na ile ya 1881 ilikuwa 17 Februari. Zote zimeangukia katika kaskazi, miezi ambayo majahazi yalikuwa yamefunga Zanzibar, Mombasa na Muscat yakingoja upepo ugeuke. Ninavyoisoma mimi, hesabu hizo ni za mji ambao wanaume wake wengi walikuwa safarini. Wake na wazee walihesabiwa. Manahodha na mabaharia, waliosifika ng'ambo kwa ustadi wao, hawakuwapo.

Mto uliosaidia kuunda majahazi ndio uliokuja kuiponza bandari, maana mchanga uliujaza mdomo wake. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, chombo cha tani 70 hakikuweza kuisogelea pwani zaidi ya mita 450 hivi, na meli za kampuni ya British India zilizopita kila wiki zilitia nanga nje. Bombay na Karachi zilikuwa na reli na gati. Wafanyabiashara wakahamia huko. Mwaka 1947 Karachi ikawa ndani ya nchi nyingine, na serikali ya India ikajenga bandari mpya ya Kandla, ndani zaidi ya ghuba. Baadaye ikaja bandari kubwa ya Mundra, jirani kabisa upande wa mashariki.

Mandvi haikufa. Sensa ya 2001 ilihesabu watu 42,355, mwaka ule ule tetemeko la 26 Januari lilipoangamiza sehemu kubwa ya Kachi. Mwaka 2011 walikuwa 51,376. Majahazi ya mbao yangali yanaundwa ukingoni mwa Rukmavati, sasa yakiwa na injini, na mengi huenda kubeba shehena za Ghuba ya Uajemi na Somalia, yakiendeshwa na mabaharia wa Kachi.