Nani Anaitazama Ngorongoro?

Karatu ni mji wa njiani. Ukikaa kando ya barabara kuu asubuhi na mapema utaona Land Cruiser za watalii zikipandisha moja baada ya nyingine kuelekea geti la Loduare, kofia vichwani, kamera mapajani. Mji umejipanga kuwahudumia: hoteli, mafundi gereji, wakulima wa mboga, mama ntilie wanaowalisha madereva. Nimekaa hapa miezi kadhaa kwa utafiti wa shahada ya uzamili ya historia, na swali lililonishika ni hili: kabla wageni hawa hawajaiona Ngorongoro kwa macho yao, nani aliwaonyesha?

Kwa muda mrefu jibu limekuwa filamu. Mwishoni mwa 1957, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuja Tanganyika na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Serikali ya kikoloni ilikuwa inajadili mipaka mipya ya Hifadhi ya Serengeti, ambayo wakati huo ilijumuisha Ngorongoro, nao wakaja kuhesabu wanyama kutoka angani. Walipata 366,980. Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi ikaanguka. Alikufa akiwa na miaka 24, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta. Filamu yao, iliyotangaza kwamba Serengeti haipaswi kufa, ilitoka mwaka huohuo, na 1960 ikashinda Oscar.

Mwaka 1959 ndio pia mwaka wa sheria iliyoanzisha Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao. Wamasai waliokuwa wakiishi humo walihamishwa, baada ya wazee 12 kutia alama kwenye makubaliano ya 1958, na Ngorongoro ikawekwa kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliwaambia Wamasai kwamba masilahi ya wanyama yakigongana na ya watu wanaoishi humo, ya watu ndiyo yatakayotangulia.

Filamu ya Grzimek niliitazama kwenye simu, bando likiisha mara mbili kabla sijamaliza. Ni filamu nzuri, lazima niseme. Mama mwenye nyumba wangu, Mwiraqw aliyezaliwa hapahapa Karatu, alikaa nami dakika chache. Wamasai walipotokea akauliza, "Hawa nao wanasema nini?" Hawasemi. Anayesema ni msimuliaji, na Grzimek hakuficha imani yake kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji wa hapo. Swali la mama lilinisaidia kuliko sura nzima ya nadharia niliyokuwa nikihangaika nayo.

Ahadi ya Turnbull haikudumu. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Kiliruhusiwa tena 1992, kikazuiwa upya 2009. Katikati ya hayo UNESCO iliiandika Ngorongoro kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, 1979, kwa ajili ya maumbile yake. Ilipofika 2010 iliongezwa sifa ya utamaduni, nayo ilitokana zaidi na watu wa kale: mabaki ya Olduvai na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Mwenye kuishi humo leo ana haki ya kushangaa kwamba nyayo za waliokufa zimelindwa kuliko zake.

Kisha ikaja 2022. Tarehe 18 Aprili filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, katika vivutio vya nchi, ilizinduliwa New York. Siku kumi baadaye ilizinduliwa Arusha. Hapa kuna tofauti kubwa na 1959: msimuliaji ni Mtanzania, na ni mkuu wa nchi. Nilifurahi kama wengi. Baada ya ukame wa Uviko, Karatu ilihitaji wageni warudi. Lakini walengwa walikuwa walewale, watu wa mbali wenye nauli.

Juni mwaka huohuo kaya za kwanza zilianza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali ilieleza kwamba wakazi walikuwa takriban 8,000 mwaka 1959 na sasa wamezidi 100,000, kwamba ardhi imeelemewa, na kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wapinzani walijibu kwamba hiari ni neno gumu pale huduma za jamii zinapokatwa. Sisemi filamu ndiyo iliyohamisha watu. Sheria na bajeti ndizo huhamisha. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kuliona eneo bila kusikia sauti za wakazi wake hapati shida kukubali kwamba wanaweza kuondoka.

Agosti 2024 sauti hizo zilisikika. Tangazo la Serikali namba 673 lilikuwa limefuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Maelfu ya Wamasai walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi, na video za simu zikasambaa nchi nzima. Ndani ya siku chache Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo. Picha zilikuwa zinatikisika na upepo ulikuwa unavuma kwenye maiki, lakini swali la mama mwenye nyumba wangu lilikuwa limepata jibu: waliokuwa kwenye picha walikuwa wanasema wenyewe, tena kwa Kiswahili na Kimasai.

Kwenye vibanda umiza vya Karatu, filamu za Kihindi na Kikorea zinatafsiriwa Kiswahili kwa sauti ili kila mtu afuatilie. Sijawahi kukuta filamu ya Ngorongoro ikionyeshwa humo. Ningependa waanze na ile ya 1959, itafsiriwe, na ikiisha taa ziwashwe wazee waulizwe wanakumbuka nini. Kwa mwanafunzi wa historia, hilo lingekuwa somo tosha. Kwa wakazi ambao mipaka yao bado inajadiliwa, ni jambo la haraka zaidi.