Trakoma Ngorongoro na Karatu: Ulinganisho wa Tiba

Trakoma, au vikope, ni ugonjwa wa macho unaosababishwa na bakteria Chlamydia trachomatis. Mkoani Arusha umeng'ang'ania zaidi wilaya za wafugaji: Ngorongoro, Longido na Monduli. Karatu, yenye Wairaqw wengi walio wakulima, inapakana na Ngorongoro, na Wamasai huteremkia minada yake.

Maambukizi huanza utotoni. Nzi, vidole na ncha ya shuka inayofuta macho ya watoto wote husambaza tongotongo kutoka jicho hadi jicho. Yakijirudia kwa miaka, upande wa ndani wa kope ya juu huota makovu, kope hukunjamana, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo huingia ukungu usiofutika. Wanawake, ambao ndio walezi, hupofuka hadi mara nne zaidi ya wanaume.

Dawa

Kwa miongo mingi tiba ilikuwa mafuta ya macho ya tetrasaikilini ya asilimia 1, yanayopakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Yakitumiwa hivyo yanaponya. Tatizo ni hizo wiki sita. Mafuta hutia ukungu machoni, mtoto hukataa, na kiangazi kikikaza watu huhama na mifugo kabla mrija haujafika nusu.

Azithromaisini, inayojulikana zaidi kwa jina la Zithromax, humezwa mara moja tu. Dozi ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, isizidi gramu 1; mtu mzima humeza vidonge vinne vya miligramu 250. Mtoto hunyweshwa dawa ya maji, na mgawa dawa hahitaji mizani: humsimamisha kando ya fimbo yenye alama, akasoma dozi kulingana na kimo. Wachanga wa chini ya miezi 6 hubaki kwenye mafuta. Kampuni ya Pfizer hutoa azithromaisini bure kupitia International Trachoma Initiative, iliyoanzishwa mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Pale ambapo asilimia 5 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wana dalili, jamii nzima humezeshwa, wazima kwa wagonjwa.

Ushahidi mzito umetoka mkoa jirani. Kahe Mpya, Rombo, kitongoji cha takriban watu 1,000, karibu wote walimeza, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 ndani ya miaka miwili, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004. Wenye dalili waliendelea kupewa mafuta ya tetrasaikilini, jambo linalosahaulika mno. Ngorongoro ni vigumu zaidi kuwafikia wote: vijana wako malishoni siku ya ugawaji, na aliyekosa dozi huweza kurudi bomani na maambukizi.

Upasuaji

Kope ikishakunjamana, dawa haiinyooshi. Wengi hung'oa nywele kwa kibano, nazo huota tena. Mbinu moja ya upasuaji hukata unene wote wa kope. Nyingine hukata upande wa ndani pekee. Katika jaribio la Ethiopia la mwaka 2016 lenye wagonjwa 1,000, ndani ya mwaka mmoja nywele zilirudi kugusa jicho kwa asilimia 22 ya waliofanyiwa ya kwanza na 13 ya waliofanyiwa ya pili. Ukungu ulioingia hauondoki kwa mbinu yoyote kati ya hizo.

Maji na usafi wa uso

Kongwa, Dodoma, utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kunawisha watoto uso pamoja na kupaka mafuta ya tetrasaikilini hupunguza trakoma kali.

Hali ya sasa

Oman ilithibitishwa kutokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, Malawi mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani limelenga mwaka 2030. Masharti yake ni watoto wenye dalili wawe chini ya asilimia 5, na wenye kope zilizokunjamana ambao mfumo wa afya haujawafikia wawe chini ya 2 kwa kila watu 1,000 wa miaka 15 na zaidi.