Zinki, mlinzi wa chuma

Chuma kina nguvu, walakini maji na hewa vikikutana juu yake, kutu huanza kukila. Msumari ulioshika bati miaka kadhaa hukatika kama kijiti, na upepo wachukua paa. Dawa ya kutu inayojulikana sana ni zinki, madini yanayochimbwa hata kwetu katika Katanga, kule Kipushi, katika mgodi ulioanza mwaka 1924, ukasimama 1993 na kuanza tena 2024. Tutazame basi jinsi watu walivyojifunza kukivika chuma zinki.

Mwaka 1742 Mfaransa Paul Jacques Malouin, mganga na mtaalamu wa kemia, alieleza mbele ya wataalamu wa Paris ya kuwa chuma kikizamishwa katika zinki iliyoyeyuka hupata ngozi mpya. Karibu miaka mia ikapita. Ndipo mwaka 1837 Stanislas Sorel, Mfaransa pia, akapata hati ya uvumbuzi kwa njia hiyo. Mpaka leo chuma husafishwa kwanza kwa asidi, kisha huzamishwa katika zinki yenye joto la digrii 450 hivi, na metali hizo mbili hushikana kabisa. Tena, ngozi ikikwaruzwa, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, na chuma hupona.

Kwa nini basi mafundi hawakutosheka? Kwa sababu zinki nzito huziba mifereji ya skurubu, na daraja lililokwisha kusimama haliingii katika birika. Kwa hiyo zilitafutwa njia nyingine. Moja ni umeme, unaopaka zinki nyembamba na laini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Sherard Cowper-Coles alivipasha moto vitu vidogo pamoja na unga wa zinki ndani ya chombo kilichofungwa. Miaka ile ile Max Ulrich Schoop, wa Uswisi, alibuni njia ya kunyunyiza metali iliyoyeyuka. Kwayo hata daraja laweza kuvikwa zinki mahali lilipo.

Tuchague ipi? Tuulize kwanza kitu kitakaa wapi. Ngozi ya umeme huwa mara nyingi mikroni 5 hadi 25, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Chuma kinene kilichozamishwa hupata mara nyingi 50 hadi 85. Mvua hula zinki kidogo kidogo kila mwaka, kwa hiyo ngozi nene hudumu zaidi. Skurubu ya kabati ndani ya nyumba yatosheka na umeme; msumari wa paa wataka kuzamishwa.

Sokoni tuangalie vema. Msumari wa umeme hung'aa na ni laini. Uliozamishwa ni wa kijivu na wakwaruza mkono. Mnunuzi huvutwa na ule unaong'aa, lakini mvua haitazami uzuri.