Peli eli ya Kimarekani

Peli eli ya Kimarekani ni bia nyepesi, ya rangi ya dhahabu hadi kaharabu, inayopikwa kwa kimea cha shayiri, maji, hamira na hopsi. Hutambulika kwanza kwa harufu: maganda ya balungi, maua, utomvu wa msonobari. Kileo chake ni kati ya asilimia 4.5 na 6.2. Uchungu wake kwa kipimo cha IBU huwa kati ya 30 na 50, ilhali laga nyingi za viwanda vikubwa hazifiki 20. Ilizaliwa katika viwanda vidogo vya California katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na iliwazoesha Wamarekani wengi kunusa bia kabla ya kuinywa.

Mama yake ni peli eli ya Uingereza, iliyopata sifa katika mji wa Burton upon Trent, ambako maji ya visima yana jasi nyingi na huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi. Hopsi za Kiingereza hunukia kwa upole, majani na udongo zaidi kuliko matunda. Wamarekani waliuchukua mwili wa bia hiyo wakaitilia hopsi za kwao, na hapo ndipo ladha ilipobadilika kabisa.

Hopsi iliyoleta mabadiliko hayo inaitwa Cascade. Ilitokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu iliyoanza mwaka 1956 huko Oregon, ikiwa na damu ya Fuggle ya Uingereza na Serebrianka ya Urusi, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1972. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kiliitumia katika bia yake ya Liberty Ale. Mwaka uliofuata Jack McAuliffe alianzisha New Albion huko Sonoma, kiwanda kidogo kilichofungwa baada ya miaka michache lakini kikaacha wafuasi. Mmoja wao alikuwa Ken Grossman, mwenye duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico. Yeye na Paul Camusi waliunda Sierra Nevada kwa matangi ya viwanda vya maziwa na vyuma vya kuokoteza, wakaanza kupika mwaka 1980. Mapishi kadhaa ya mwanzo ya peli eli yao waliyamwaga kwa sababu ladha haikuwa ikirudi vilevile kila mara. Uamuzi huo, kwa watu wasio na fedha, unastahili heshima. Bia waliyoipata mwishowe, yenye kileo cha asilimia 5.6 na uchungu wa IBU 38, ndiyo kipimo ambacho peli eli nyingine za Marekani bado hulinganishwa nacho.

Ua la hopsi lina umbo la koni, na ukilipasua katikati unaona kwenye mashina ya vijani vyake unga wa manjano unaonata vidoleni. Bia yote ya aina hii imo katika unga huo. Ndani yake mna asidi chungu na mafuta yenye harufu, na viwili hivi havipatikani kwa njia moja. Asidi hutaka moto: maji matamu ya kimea, yanayokaribia togwa kwa ladha, huchemshwa pamoja na hopsi kwa saa moja hivi ili uchungu utoke. Mafuta kwa upande wake hupaa na mvuke. Kwa hiyo mpishi hutia hopsi nyingine dakika za mwisho, na wengi hutia nyingine tena baadaye, bia ikiwa imekwisha kuchacha na imepoa. Anayetia zote mwanzoni atapata bia chungu isiyonukia.

Kuionja kunahitaji subira kidogo na glasi safi isiyo na mafuta ya sabuni. Baridi kali ni adui wa kwanza, kwani huziba harufu na kuufanya ulimi ufe ganzi. Nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinatosha. Glasi huinamishwa, bia ikamiminwa ubavuni, kisha glasi ikasimamishwa ili povu lipande vidole viwili. Povu jeupe linalodumu na kuacha michirizi kwenye kioo kila bia inaposhuka ni dalili njema, kwa maana asidi za hopsi husaidia kulishikilia. Ukungu kidogo si kasoro. Sierra Nevada, kwa mfano, huachiwa hamira chupani itengeneze gesi yenyewe, na mashapo hutulia chini.

Pua hutangulia. Glasi ikitikiswa kidogo, harufu ya balungi hutoka kwanza, kisha maua, na nyuma yake kimea chenye kunukia ukoko wa mkate. Unapopiga funda, utamu wa kimea ndio unaogusa ulimi mwanzoni. Uchungu huja baadaye, nyuma ya ulimi, na hubaki baada ya kumeza. Hapo ndipo pa kumpimia mpishi. Uchungu mzuri hukauka taratibu na kukuacha ukitaka funda jingine. Uchungu mbaya hukwaruza koo na kukaa kama dawa. Bia nzito yenye kileo kingi inaweza kuficha kosa hilo ndani ya utamu wake, lakini bia nyepesi haina pa kulificha, na ndiyo sababu peli eli ni mtihani mgumu kwa kiwanda kuliko bia nyingi zinazosifiwa zaidi.

Adui wengine ni hewa, joto na mwanga. Hewa na joto huondoa balungi kwanza, kisha huleta harufu ya karatasi ya boksi iliyolowa. Mwanga hufanya kazi haraka zaidi: ukiipata bia kupitia chupa isiyo na rangi au ya kijani, huvunja asidi za hopsi na kutoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia huikinga kwa kiasi kikubwa, na kopo huikinga kabisa. Kuanzia mwaka 2002 kiwanda cha Oskar Blues cha Colorado kilitia peli eli yake, Dale's, kwenye makopo wakati viwanda vidogo vingi viliyaona makopo kuwa ya bia duni.

Mezani hukaa vizuri na nyama ya kuchoma, kwa kuwa uchungu na gesi hukata mafuta. Kwa pilipili kali haifai sana. Uchungu huzidisha moto mdomoni.

Jamaa zake ni wengi. India peli eli ya Kimarekani ina kileo na hopsi zaidi. Kuna pia zile za kunywewa kwa muda mrefu bila kulewa haraka, kama All Day IPA ya kiwanda cha Founders cha Michigan, yenye kileo cha asilimia 4.7, ambamo hopsi nyingi zimewekwa juu ya mwili mwembamba. Kuzisawazisha ni kazi ngumu zaidi.

Afrika Mashariki, ambako Tusker, Safari na Kilimanjaro zote ni laga, peli eli hupikwa na viwanda vidogo vichache, vikiwamo vya Nairobi. Hopsi zao huagizwa kutoka nje, kwa sababu mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua vizuri, na karibu na ikweta mchana hauzidi saa 12 kwa mengi. Huko Afrika Kusini hopsi hulimwa karibu na mji wa George. Hata hivyo hopsi kavu iliyoshindiliwa na kufungwa bila hewa husafiri vizuri zaidi ikihifadhiwa kwenye baridi, kuliko bia yenyewe inavyostahimili wiki kadhaa ndani ya kontena. Mnywaji wa Nairobi mwenye kuchagua kati ya chupa iliyovuka bahari na glasi iliyojazwa kutoka kwenye tangi la mtaani kwake afadhali aanze na glasi, na kwenye chupa atafute kwanza tarehe ya kufungwa.