Vipuri Vidogo vya Elektroniki: Jinsi ya Kuagiza, Kupima na Kuvusha Mpakani

Vipuri vidogo vya elektroniki ni mzigo mwepesi kubeba lakini mgumu kuuza ukikosea. Boksi moja la viatu linatosha mamia ya rezista, kapasita, transista na sensa. Hata hivyo, kosa la tarakimu moja katika oda linaweza kulirudisha boksi zima mikononi mwa mfanyabiashara, na hakuna mteja mwingine atakayelihitaji.

Wateja wa mzigo huu ni mafundi redio, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na watu wanaojitengenezea vifaa nyumbani kwa kupenda tu: vikuza sauti, chaja za sola, taa zinazojiwasha usiku na mashine za kuangulia vifaranga. Mara nyingi mteja yuko Arusha, Mwanza, Kigoma au Bujumbura, na duka lenye kipuri liko Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Anayewaunganisha ni mfanyabiashara, dereva au mpokea vifurushi wa basi.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata tangu kupokea oda hadi kukabidhi mzigo. Mfano tutakaoutumia ni oda ya vipuri vya kutengenezea vidhibiti joto 10 vya mashine za kuangulia vifaranga.

1. ODA IANDIKWE KWA NAMBA, SI KWA JINA

Mteja anapiga simu: "Niletee sensa ya joto na unyevu, vipande 10." Ukifika dukani unakuta mbili zinazofanana umbo. Moja ni ya bluu, imeandikwa DHT11. Nyingine ni nyeupe, imeandikwa DHT22. Ya bluu ni rahisi kwa bei, nawe unaichukua ukidhani umemwokolea mteja fedha.

Tofauti yake ni kubwa. DHT11 inaweza kukosea hadi nyuzijoto 2. DHT22 hukosea karibu nusu nyuzi. Mayai ya kuku katika mashine yenye feni yanatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 37.5 hivi, na huanguliwa kwa siku 21. Mashine inayoonyesha 37.5 wakati ndani ni 39.5 huua vifaranga ndani ya yai. Mteja hatajua mpaka siku ya 21 ipite, na hapo atakuwa amepoteza mayai, muda na imani kwako.

Relei nazo ni hivyo hivyo. SRD-05VDC-SL-C na SRD-12VDC-SL-C ni visanduku vya bluu vya ukubwa mmoja. Ya kwanza hufanya kazi kwa volti 5, ya pili kwa volti 12. Ya volti 12 ikifungwa kwenye saketi ya volti 5 haitavuta. Ya volti 5 ikipewa 12 itapata moto na kuungua.

Vidhibiti volti pia huponza wengi. 7805 hutoa volti 5, 7812 hutoa volti 12, na 7905 hutoa volti 5 za upande wa hasi. Vyote vina miguu mitatu na mgongo wa chuma.

Kabla ya kusafiri, mwombe mteja akupe kwa maandishi:

- Namba kamili ya kipuri, pamoja na herufi zake zote.
- Idadi.
- Kwa kapasita: mikrofaradi na volti. Yenye mikrofaradi zilezile na volti 25 inaweza kukaa mahali pa ile ya volti 16 kama nafasi inatosha. Kinyume chake hairuhusiwi.
- Kwa rezista: omu na wati.
- Umbo: je, ni la miguu inayopenya kwenye tundu la bodi, au la kubandikwa juu ya bodi?
- Picha ya kipuri cha zamani, mbele na nyuma, kama kipo.
- Namba mbadala anayoikubali endapo ya kwanza itakosekana.

Muuzaji akikwambia "chukua hii, ni ileile", piga simu kwanza. Gharama ya simu ni ndogo kuliko ya safari ya pili.

2. PIMA KABLA YA KULIPA

Huhitaji kuwa fundi. Mita ya kawaida ya kidijitali, betri ya volti 9 na nyaya mbili zinatosha kwa vipimo vya mwanzo.

Rezista: weka mita kwenye omu. Rezista ya omu 1,000 yenye mstari wa dhahabu isome kati ya 950 na 1,050.

Dayodi ya kawaida ya silikoni: weka mita kwenye alama ya dayodi. Upande mmoja isome kati ya volti 0.5 na 0.7 hivi, na ukigeuza nyaya isipitishe kitu. Ikipitisha pande zote, imekufa.

Kidhibiti volti 7805: ukikitazama upande wa maandishi, mguu wa kushoto upate chanya ya betri ya volti 9 na wa katikati upate hasi. Kati ya mguu wa kulia na wa katikati usome takriban volti 5. Kati ya 4.8 na 5.2 ni sawa.

Kwa sensa na IC, mita pekee haitoshi. Nunua vipande viwili kwanza, mpelekee fundi unayemwamini avijaribu, kisha ndipo uchukue vilivyobaki kutoka pakiti ileile. Sensa ya joto ya DS18B20 yenye waya usiopenya maji hupimwa kwa glasi ya barafu inayoyeyuka: isome karibu na sifuri. Sensa za DHT zisitiwe majini.

3. DALILI ZA BANDIA

Baadhi ya IC husuguliwa namba ya zamani, zikapakwa rangi nyeusi na kuandikwa namba mpya yenye bei kubwa. Futa uso wake kwa pamba yenye asetoni, ile inayotolea rangi ya kucha. Weusi ukibaki kwenye pamba, usiichukue. Angalia pia kama IC za pakiti moja zina miguu iliyokwaruzika au yenye mabaki ya risasi. Hizo zimeng'olewa kwenye bodi za zamani.

Betri za lithiamu za 18650 ndizo zinazodanganyiwa zaidi. Zile bora za ukubwa huo huwa karibu na 3,500 mAh. Yenye maandishi ya 9,900 mAh ni ya uongo, hata ikiwa na rangi ya kupendeza. Ipime kwenye mizani ndogo: betri nzuri ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Iliyo nyepesi sana ina kitu kidogo ndani.

Bandia inaweza pia kufanya kazi dukani ikaja kufa kwa mteja. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Uingereza ilitoa programu mpya ya kuendeshea IC zake za kuunganisha vifaa na kompyuta, na programu hiyo ikasambazwa kupitia masasisho ya Windows. Ilipokutana na IC ya bandia iliibadilisha namba ya utambulisho kuwa sifuri, na kompyuta ikaacha kuitambua. Waliokuwa na bidhaa hizo bila kujua walijikuta na vifaa visivyofanya kazi. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kuandika namba ya kipuri kwenye risiti, ili uwe na pa kurudi.

4. ANKARA INAYOELEWEKA FORODHANI

Ankara iliyoandikwa "spea za redio, mfuko 1" ni mwanzo wa kuchelewa. Ofisa wa forodha hajui athamini nini, na atalazimika kufungua kila kitu. Andika kila aina kwa mstari wake: jina, namba, idadi, bei ya kimoja, jumla na nchi kilikotengenezwa. Ukimpa wakala wako vichwa vya orodha ya kimataifa ya bidhaa, utamrahisishia kazi:

- Kapasita: 8532
- Rezista: 8533
- Bodi tupu za saketi: 8534
- Relei: 8536
- Dayodi na transista: 8541
- IC: 8542
- Betri za kuchajiwa: 8507

Jambo linalowagharimu wengi ni uasili. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Transista iliyotengenezwa China na kununuliwa Nairobi haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu ina risiti ya Nairobi. Kwamba muuzaji alishailipia ushuru Mombasa hakuipi msamaha wa uasili Namanga.

Kwa hiyo ushuru na kodi uviingize kwenye hesabu kabla ya kumtajia mteja bei. Muulize wakala wa forodha viwango vya siku hiyo, kwa maana hubadilika katika bajeti za kila mwaka. Kuupitisha mzigo kwa njia za panya si jibu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa za magendo kutaifishwa, na gari lililozibeba nalo linaweza kukamatwa. Dereva aliyepokea kifurushi asichokijua anaweza kupoteza gari kwa boksi la viatu.

5. MIZIGO MITATU YA KUULIZIA KWANZA

(a) Betri za lithiamu. Kwa ndege, betri za akiba za abiria hukaa kwenye begi la mkononi tu, wala si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kipimo ni wati-saa: zidisha volti kwa ampia-saa. Betri ya volti 3.7 na 2,500 mAh ni 3.7 x 2.5, yaani 9.25. Hadi wati-saa 100 kwa betri moja kwa kawaida inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege. Kama mzigo wa biashara, betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake zimezuiwa kwenye ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016. Kwa barabara, funika ncha kila moja kwa utepe, zisigusane, na usipokee iliyovimba.

(b) Vifaa vinavyorusha mawimbi. Bodi za Wi-Fi kama ESP8266 na ESP32, rimoti za megahezi 433 na bodi za laini ya simu kama SIM800L viko chini ya mamlaka za mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda na RURA kwa Rwanda. Kabla ya kubeba nyingi za kuuza, uliza kama aina hiyo imeidhinishwa nchi unakokwenda.

(c) Bodi mbovu za kung'olea vipuri. Ndani ya mji mmoja fundi anaweza kununua televisheni iliyokufa akatoa vipuri. Kuvusha gunia la bodi hizo mpakani ni jambo jingine, kwani huhesabika kuwa taka za elektroniki. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya kuvuka.

6. KUFUNGASHA NA KUSAFIRISHA

IC na transista nyingi, hasa za aina ya MOSFET, huuawa na umeme tuli wa mkononi au wa mfuko wa nailoni. Ziache kwenye mifuko ya kijivu inayong'aa zilimotoka. Usizihamishie kwenye mfuko wa kawaida ili kupunguza nafasi.

Rezista za thamani tofauti zisichanganywe. Fundi atapoteza siku nzima akizitenganisha, na gharama hiyo ataikata kwako. Kila pakiti ibandikwe namba na idadi sawasawa na ilivyo kwenye ankara, ili ofisa na mteja wasome kitu kimoja.

Dereva asiweke kifurushi juu ya dashibodi ya jua kali wala karibu na injini. Njia za pwani, kama Tanga hadi Mombasa, zina unyevu mwingi. Funga mfuko vizuri uzuie hewa ya chumvi isiozeshe miguu ya vipuri.

7. KUKABIDHI

Hesabuni pamoja mbele ya mteja, namba kwa namba. Kubalianeni mapema muda wa kurudisha kibovu, na kwamba kilichokwisha kuchomewa risasi hakirudi. Katika oda kama ile ya vidhibiti 10, leta sensa 12 na relei 12, mteja akikubali kulipia za akiba: mbili za ziada ni nafuu kuliko nauli ya kufuata moja iliyokufa.

Weka daftari la kila oda: namba, duka, tarehe na malalamiko kama yapo. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha ni duka gani linalouza DHT22 za kweli, na wateja watakuagiza wewe kwa sababu mayai yao yanaanguliwa.