Uzito wa Misuli ya Moyo

Jijini Dar es Salaam, Waingereza waliuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja kwa hoja ya afya. Upande mmoja palikuwa na maduka na nyumba za Wahindi, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika, na watawala walidai nafasi hiyo ingezuia maradhi kuvuka. Ulikuwa ubaguzi uliovikwa joho la utabibu. Hospitali zilikwisha kugawanywa hivyo tangu enzi za Wajerumani: ya Ocean Road iliwahudumia Wazungu, ya Sewa Haji Waafrika na Waasia.

Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza hapo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Awali wagonjwa wengi wa moyo walilazimika kupelekwa India.

Kwa madaktari wa moyo, swali moja ni la kipimo: presha isiyotibiwa hunenepesha misuli ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo. Imenenepa kiasi gani?

Edler na Hertz, huko Lund, Sweden, waliutazama moyo kwa mawimbi ya sauti mwaka 1953. Lakini fomula iliyozoeleka ya kipimo hicho hupandisha upana hadi kipeo cha tatu, hivyo kosa dogo hukua. Chumba cha milimita 50 chenye kuta za milimita 10 hutoa takribani gramu 182 za misuli. Kuta zikisomwa milimita 11, hesabu inaruka hadi 207.

CT-Scan ilikuja na njia nyingine. Allan Cormack alianza kuifikiria hesabu yake Cape Town mwaka 1956. Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine, na mwaka 1971 jijini London mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo. Kichwa hutulia. Moyo hautulii, hivyo ilibidi zisubiriwe mashine zenye kasi, zinazopiga picha kwa kufuata mapigo. Misuli hupimwa kipande kwa kipande, kisha ujazo wake huzidishwa kwa gramu 1.05 kwa kila mililita, bila kulikisia umbo la moyo.

Hata hivyo, mapigo ya haraka hutia ukungu kwenye picha, na wasomaji wa picha hutofautiana: mmoja hujumlisha misuli midogo inayoshikilia valvu, mwingine huiacha. Mgonjwa akipimwa kabla na baada ya matibabu kwa taratibu mbili tofauti, gramu zilizopungua huenda zimetokana na usomaji, si dawa. Kwa hiyo ripoti itaje picha ilichukuliwa moyo ukiwa umetanuka au umejikunja, na misuli ipi ilihesabiwa, ili daktari atakayempokea mgonjwa aweze kulinganisha.